Baridi kwa Kiasi: Historia ya Kupoza Mwili Baada ya Moyo Kusimama

Mwishoni mwa miaka ya 1940, katika maabara ya Taasisi ya Banting mjini Toronto, Kanada, daktari mpasuaji Wilfred Bigelow alikuwa akiwalaza mbwa kwa dawa ya usingizi na kuwapoza taratibu. Alitaka kujua jambo moja: mwili ukipoa, haja yake ya oksijeni hupungua au huongezeka? Watafiti waliomtangulia walikuwa wamekwisha kujibu kwamba huongezeka. Mnyama aliyepozwa hutetemeka, misuli yake hufanya kazi kama ya mkimbiaji, na mapafu hudai hewa zaidi kuliko awali. Kwa jibu hilo, kumpoza mgonjwa ili kumlinda lilikuwa wazo lisilo na maana.

Bigelow alibaini kwamba majaribio hayo yalikuwa yamepima kutetemeka, hayakupima baridi yenyewe. Alipozidisha dawa ya usingizi hadi misuli ikatulia kabisa, hesabu ziligeuka. Joto liliposhuka, matumizi ya oksijeni yalishuka nalo, karibu kwa mstari ulionyooka. Mbwa aliyefikishwa nyuzijoto 20 alitumia chini ya robo ya oksijeni aliyokuwa akiitumia mwanzo. Mwaka 1950 Bigelow na wenzake walichapisha matokeo yao: katika baridi hiyo, damu iliweza kuzuiwa isipite moyoni kwa dakika 15, na baadhi ya mbwa wakaamka.

Kazi ya mwili ya kuchoma chakula kwa oksijeni ili upate nguvu ndiyo wanabiolojia wanayoiita umetaboli. Jiko la mkaa lililoachwa wazi kidirisha chake cha chini huwaka kwa kasi, na mkaa huisha upesi. Ukikiziba nusu, moto haufi, ila mkaa uleule hudumu zaidi. Bigelow alikuwa ameonyesha kwamba mwili nao unaweza kuzibwa hivyo, mradi tu misuli izuiwe kutetemeka. Sharti hilo dogo ndilo lililowasumbua madaktari kwa miaka 70 iliyofuata, tangu vyumba vya upasuaji hadi vitanda vya watu ambao mioyo yao ilisimama ghafla ikaamshwa tena.

Kabla ya Toronto

Baridi ilikuwa imewavutia waganga zamani kabla ya Bigelow. Mwaka 1790 meli ya Kimarekani iliharibika karibu na Liverpool, Uingereza, na mabaharia wake wakakaa saa nyingi katika maji ya baridi. Daktari wa mji huo, James Currie, alipotafakari ni nani waliokufa na ni nani waliopona, aliamua kupima badala ya kubahatisha. Aliwatia watu wa kujitolea katika maji baridi ya chumvi, akafuatilia joto la miili yao kwa kipimajoto. Kitabu chake kilitoka mwaka 1797, wakati ambapo madaktari wengi walikuwa bado wanapima homa kwa kiganja cha mkono.

Miaka michache baadaye, Dominique-Jean Larrey, mpasuaji mkuu wa majeshi ya Napoleon, aliona jambo katika theluji ya Urusi mwaka 1812. Askari walioganda kwa baridi na kusogezwa karibu sana na moto walikufa upesi kuliko wenzao walioachwa mbali nao. Larrey hakuwa na njia ya kueleza sababu. Uchunguzi wake hata hivyo ulibeba onyo ambalo lingerudi baadaye: hatari ya mwili uliopoa haiishi pale joto linapoanza kurudi. Kurudi kwenyewe ni hatari nyingine.

Mtu wa kwanza kuwapoza wagonjwa hospitalini kwa siku kadhaa na kwa kusudi la tiba alikuwa Temple Fay, mpasuaji wa ubongo huko Philadelphia, Marekani. Tangu ujana wake lilimsumbua swali la kwa nini saratani husambaa kwa nadra kwenda mikononi na miguuni, na alifikiri huenda ni kwa sababu viungo hivyo ni vya baridi kuliko kiwiliwili. Mwaka 1938 alianza kuwafunika kwa barafu wagonjwa wa saratani wasio na matumaini. Saratani haikupona, ingawa baadhi yao walipata nafuu ya maumivu. Fay aliacha nyuma somo lenye thamani kuliko nadharia yake: mtu anaweza kushushwa joto chini kabisa ya kiwango cha kawaida, akakaa humo siku kadhaa, kisha akapashwa na kuzungumza.

Kisha likaja doa ambalo historia hii haiwezi kulificha. Kati ya mwaka 1942 na 1943, katika kambi ya mateso ya Dachau, daktari Sigmund Rascher na wenzake waliwatumbukiza wafungwa katika maji ya barafu ili kuona mtu hufa baada ya muda gani na kwa joto lipi. Wahanga walikaribia 300, na kati ya 80 na 90 waliuawa humo. Unyama huo ulitajwa katika kesi ya madaktari iliyosikilizwa Nuremberg baada ya vita. Wataalamu waliochambua ripoti zake baadaye walikuta takwimu zake hazina ukamilifu wala uaminifu. Watu waliuawa, na elimu haikupata kitu.

Moyo uliofunguliwa

Bigelow hakuanza kazi yake akiwafikiria watu ambao mioyo yao imesimama. Mawazo yake yalikuwa kwenye upasuaji. Akiwa mwanafunzi wa juu katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, alimtazama Alfred Blalock akiwatibu watoto waliozaliwa na kasoro za moyo, wale ambao ngozi zao zilikuwa na rangi ya samawati kwa kukosa oksijeni. Blalock alishona mishipa iliyo nje ya moyo. Kuufungua moyo wenyewe kulishindikana, kwa kuwa ubongo usiopata damu huharibika ndani ya dakika chache. Bigelow aliona kwamba ubongo ukipunguziwa mahitaji, mpasuaji angeongezewa dakika.

Dakika hizo zilianza kutumika tarehe 2 Septemba 1952, katika Chuo Kikuu cha Minnesota. F. John Lewis na wenzake walimpoza mtoto wa kike wa miaka mitano hadi nyuzijoto 28, wakaziba mishipa inayoleta damu moyoni, wakafungua moyo na kushona tundu lililokuwa kati ya vyumba viwili vya juu. Kazi ndani ya moyo ilichukua kama dakika tano na nusu. Mtoto aliishi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa moyo wa binadamu kufunguliwa na kutengenezwa kwa mafanikio huku mpasuaji akiuona ndani.

Huko Toronto, utafiti wa baridi ulizaa pia matunda yasiyotarajiwa. Siku moja moyo wa mbwa aliyepozwa ulisimama, na Bigelow, kwa kukosa la kufanya, akaugusa kwa kifaa alichokuwa nacho mkononi. Moyo ukajikunja. Akaugusa tena, ukajikunja tena. Kutokana na tukio hilo, yeye, John Callaghan na mhandisi John Hopps walitengeneza mashine ya kuongoza mapigo ya moyo kwa umeme. Jaribio lao jingine halikufika mbali. Walianza kufuga wanyama jamii ya panya wanaolala majira yote ya baridi, wakitafuta homoni inayowawezesha kushusha umetaboli bila kutetemeka. Walipata dutu iliyoonekana kutenda kazi hiyo, wakaipa jina, na mwishowe ikathibitika kuwa kemikali iliyotoka kwenye mirija ya plastiki ya maabara yao.

Baltimore, barafu na kuvunjika moyo

Wazo la kumpoza mtu baada ya moyo wake kusimama, na si kabla, liliandikwa kwa mara ya kwanza kutoka Johns Hopkins. Mwaka 1958 Rainey Williams na Frank Spencer walieleza habari za wagonjwa wanne ambao mioyo yao ilisimama, ikaamshwa, na kisha miili yao ikapozwa hadi kati ya nyuzijoto 30 na 34. Mwaka uliofuata walijiunga na Donald Benson kutoa hesabu pana zaidi. Kati ya wagonjwa 12 waliopozwa, sita waliishi. Kati ya saba ambao hawakupozwa, aliishi mmoja. Ni idadi ndogo, na wagonjwa hawakugawanywa kwa kura, lakini katika miaka ile mtu asiyezinduka baada ya moyo kusimama alikuwa na matumaini machache mno.

Mwaka 1960, hospitalini hapohapo, William Kouwenhoven, James Jude na Guy Knickerbocker walionyesha kwamba kifua kikikandamizwa kwa mikono, bila kupasuliwa, damu huzunguka. Peter Safar, daktari mzaliwa wa Vienna, alikuwa ameshathibitisha nguvu ya kumpulizia mtu hewa mdomo kwa mdomo. Alipopanga hatua za uokoaji mwaka 1964, Safar aliweka kupoza mwili kuwa mojawapo: mgonjwa asipoonyesha dalili za kuzinduka, apozwe ndani ya nusu saa. Miaka miwili baadaye msiba ulimfika mwenyewe. Binti yake mdogo alishikwa na pumu kali, moyo ukasimama. Moyo uliamshwa, ubongo haukuamka. Maisha yote ya Safar yaliyofuata yalielekezwa kwenye ubongo.

Hata hivyo baridi yenyewe ilikuwa inaelekea kuachwa. Madaktari wa miaka ya 1960 walishika kanuni ya Bigelow kwa nguvu mno: kama kupoa kunapunguza njaa ya ubongo, basi kupoa zaidi kutapunguza zaidi. Waliwashusha wagonjwa hadi nyuzijoto 30 na chini yake, kwa siku nyingi, katika wodi zisizo na mashine za leo za kufuatilia hali ya mgonjwa. Chini ya nyuzijoto 28 moyo huanza kutapatapa bila mpangilio. Damu ilikataa kuganda, mapafu yalipata nimonia, na kinga ya mwili ililala pamoja na vitu vingine vyote. Tiba ikawa inaua kwa njia zake yenyewe, na wengi wakaiweka kando.

Panya wa Miami

Ufufuo wa tiba hiyo ulitoka kwenye maabara ya Chuo Kikuu cha Miami mwaka 1987. Raul Busto, Myron Ginsberg na wenzao walizuia damu isifike kwenye bongo za panya kwa dakika 20, kila kundi likiwa na joto lake la ubongo: nyuzijoto 36, 34, 33 na 30. Ajabu ni jinsi tofauti ndogo ilivyozaa matokeo makubwa. Panya ambao bongo zao zilikuwa pungufu kwa nyuzi mbili au tatu tu walipata madhara machache mno kuliko wale wa nyuzijoto 36. Hapakuwa na haja ya barafu kali iliyowaangusha madaktari wa miaka ya 1960.

Jambo la pili lilikuwa gumu zaidi kumeza. Watafiti walipopima akiba ya nguvu ndani ya seli za ubongo mwishoni mwa zile dakika 20, waliikuta imekwisha katika makundi yote, ya moto na ya baridi sawasawa. Kama baridi ingekuwa inalinda kwa kuhifadhi akiba tu, panya waliopozwa wangekuwa na akiba kubwa. Hawakuwa nayo, na bado seli zao ziliishi. Miaka miwili baadaye kundi hilohilo lilieleza sehemu ya siri. Seli za ubongo zinapokosa nguvu humwaga glutameti, kemikali ya mawasiliano ambayo ikizidi huwa sumu kwa jirani zake. Katika ubongo wenye joto la kawaida glutameti ilifurika. Katika ubongo uliopozwa ilizuiwa kwa kiasi kikubwa.

Hapo simulizi la umetaboli lilipanuka. Ubongo ni takriban asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini hutumia kama asilimia 20 ya oksijeni yote. Moyo ukisimama, fahamu hupotea ndani ya sekunde chache, na akiba ya nguvu huisha ndani ya dakika chache. Pampu zinazosukuma madini nje ya seli husimama. Sodiamu na kalisi huingia kwa fujo. Damu ikirudi, oksijeni huja pamoja na molekuli haribifu zinazotafuna utando wa seli na mitokondria, vile viwanda vidogo vya nguvu. Uvimbe na mwako wa kinga huendelea kwa saa na siku. Kupunguza matumizi ya oksijeni ya ubongo kwa asilimia 6 au 7 kwa kila nyuzi moja, kama Hubert Rosomoff alivyopima kwa mbwa mwaka 1954, ni sehemu tu ya kazi. Baridi hupunguza kasi ya karibu kila kinachotokea baadaye, cha kujenga na cha kubomoa.

Tofauti kati ya kupoa kabla na kupoa baada ilionekana wazi Mei 1999 huko Norway. Anna Bågenholm, daktari kijana kutoka Sweden, alianguka katika kijito akiteleza kwenye theluji karibu na Narvik, akanaswa chini ya barafu kwa dakika 80. Alipofikishwa hospitali ya Tromsø joto lake lilikuwa nyuzijoto 13.7 na moyo haukupiga. Alipashwa kwa mashine inayotoa damu nje ya mwili na kuirudisha, akapona, akarejea kwenye udaktari. Chini ya barafu alikuwa amepata mfuko wa hewa na kuendelea kupumua kwa muda huku akipoa. Ubongo wake ulikuwa umeshapunguziwa mahitaji kabla damu haijasimama. Mtu anayeanguka sokoni au nyumbani hana bahati hiyo: moyo wake husimama ubongo ukiwa na joto na njaa kamili, na baridi humfikia akiwa ameshaumia.

Siku za witiri na siku za shufwa

Tarehe 21 Februari 2002 jarida moja la tiba la Marekani lilichapisha tafiti mbili kwa pamoja. Ya kwanza ilitoka Melbourne, Australia, ikiongozwa na Stephen Bernard. Mgawanyo wao wa wagonjwa ulikuwa rahisi: aliyeokolewa katika tarehe ya witiri alipozwa, aliyeokolewa katika tarehe ya shufwa alitunzwa kwa joto la kawaida. Wahudumu wa magari ya wagonjwa walianza kuweka pakiti za baridi wakiwa njiani, na mgonjwa akashikiliwa kwenye nyuzijoto 33 kwa saa 12. Kati ya 43 waliopozwa, 21 walirudi nyumbani au kwenye kituo cha kujifunza upya kujitegemea. Kati ya 34 wa kundi la pili walikuwa 9.

Utafiti wa pili, ulioongozwa kutoka Vienna, ulihusisha wagonjwa 275 katika vituo tisa vya nchi tano za Ulaya. Joto lilishushwa hadi kati ya 32 na 34 kwa saa 24. Baada ya miezi sita, asilimia 55 ya waliopozwa walikuwa na ubongo unaofanya kazi vizuri, dhidi ya asilimia 39 ya wengine. Mwaka uliofuata kamati ya kimataifa ya uokoaji wa moyo ilipendekeza tiba hiyo kwa wagonjwa wasiozinduka ambao mioyo yao ilisimama kwa aina ya mapigo yanayoweza kushtuliwa kwa umeme. Safar, aliyefariki Agosti 2003, aliiona siku hiyo.

Sasa vyumba vya wagonjwa mahututi vililazimika kujifunza kuishi na mwili uliopozwa, na humo ndimo umetaboli ulipoacha kuwa mada ya maabara na kuwa kazi ya zamu ya usiku. Adui wa kwanza alikuwa yuleyule wa Bigelow. Mwili wenye nyuzijoto 35 hujitetea kwa kutetemeka, na kutetemeka kunaweza kuzidisha matumizi ya oksijeni mara mbili na zaidi. Faida yote hupotea pale. Wauguzi walijifunza kuweka kiganja shingoni na kifuani mwa mgonjwa ili kuhisi mtetemo ambao macho hayajauona, kumpasha mikono na miguu ili ngozi iudanganye ubongo, na kuongeza dawa za usingizi, magnesiamu, na ikibidi dawa za kulegeza misuli.

Mgonjwa akishatulia, hesabu nyingine huanza. Mwili unaochoma kidogo hutoa kaboni dioksidi kidogo, hivyo mashine ya kupumulia iliyopangwa kwa mtu wa nyuzijoto 37 humpumulisha kupita kiasi. Kaboni dioksidi ikishuka mno, mishipa ya ubongo hujibana na damu hupungua mahali palepale inapotakiwa. Kongosho hutoa insulini kidogo, na insulini iliyopo haifanyi kazi vizuri, kwa hiyo sukari hupanda kwa mtu ambaye hana kisukari. Mwili huegemea mafuta, na damu huwa na asidi kidogo. Potasiamu huingia ndani ya seli na kushuka kwenye damu. Figo humwaga maji mengi pamoja na magnesiamu na fosfeti. Ini hulegea kusafisha dawa, hivyo dozi ya usingizi ya jana huendelea kuwepo leo, na daktari anayepima kama mgonjwa atazinduka anaweza kudanganywa na dawa alizompa mwenyewe.

Kupasha joto kulihitaji subira kuliko kupoza. Potasiamu iliyojificha hutoka tena, na daktari aliyeijaza kwa pupa siku ya kwanza hukuta imezidi siku ya pili, moyo ukiwa hatarini. Insulini huanza kufanya kazi, sukari ikaporomoka. Mishipa hutanuka na shinikizo la damu kushuka. Ndiyo maana kanuni ikawa robo hadi nusu nyuzi kwa saa, bila haraka. Larrey angelitambua somo hilo.

Kura kubwa zaidi

Waliotilia shaka waliuliza swali moja. Katika utafiti wa Vienna, wagonjwa ambao hawakupozwa walipanda joto kidogo kupita kawaida, kama ilivyo kwa wengi baada ya moyo kusimama. Je, baridi ndiyo iliyowaokoa wale wengine, au ni kule kuepushwa na homa?

Niklas Nielsen wa Sweden na wenzake walikwenda kulijibu. Mwaka 2013 walichapisha utafiti wa wagonjwa 950 katika hospitali 36 za Ulaya na Australia: nusu walishikwa kwenye nyuzijoto 33, nusu kwenye 36. Vifo vililingana, asilimia 50 na 48. Mwaka 2021 walirudi na wagonjwa 1900, safari hii wakilinganisha nyuzijoto 33 na joto la kawaida lililolindwa lisigeuke homa. Matokeo yalikuwa yaleyale, asilimia 50 na 48, na waliopozwa walisumbuliwa zaidi na mapigo yasiyo na mpangilio. Kupoza kwa maji ya dripu baridi ndani ya gari la wagonjwa nako kulishindwa: utafiti wa Seattle wa mwaka 2014, uliohusisha wagonjwa 1359, haukuona faida, na mioyo mingi zaidi ilisimama tena njiani.

Baridi haikuondoka kabisa. Nchini Ufaransa, mwaka 2019, Jean-Baptiste Lascarrou na wenzake waliwachunguza wagonjwa 584 ambao mioyo yao ilisimama kwa namna isiyoweza kushtuliwa kwa umeme, wale ambao matumaini yao ni madogo kuliko wote. Waliopozwa hadi 33 walipona vizuri kwa asilimia 10.2, wenzao kwa asilimia 5.7. Kwa hiyo mjadala upo. Lakini miongozo ya Ulaya ya mwaka 2022 iliweka mkazo pengine: joto la mgonjwa asiyezinduka lisiachwe lipite nyuzijoto 37.7 kwa angalau saa 72.

Mulago

Historia hii inagusa pia Afrika Mashariki, kwa mlango wa wodi ya watoto. Mtoto anayezaliwa akiwa amekosa hewa hupata madhara ya ubongo yanayofanana na ya mtu mzima aliyesimama moyo, na tafiti za nchi tajiri, kuanzia mwaka 2005, zilionyesha kwamba kumpoza kwa saa 72 kunampunguzia kifo na ulemavu. Nicola Robertson na wenzake walijaribu tiba hiyo katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, wakitumia chupa za maji badala ya mashine ghali. Walionyesha, mwaka 2008, kwamba joto linaweza kushushwa na kushikiliwa kwa vifaa vya kawaida. Ila kati ya watoto 36, waliokufa katika kundi la kupozwa walikuwa saba na katika kundi jingine mmoja. Utafiti ulikuwa mdogo, haukuweza kutoa hukumu.

Hukumu ilikuja mwaka 2021 kutoka India, Sri Lanka na Bangladesh, katika utafiti wa watoto 408. Waliopozwa walikufa kwa asilimia 42, wasiopozwa kwa asilimia 31. Tiba iliyookoa watoto London ilikuwa imewadhuru watoto wa Asia Kusini, ingawa joto lililokusudiwa lilikuwa lilelile. Watafiti bado wanabishana kuhusu sababu, wakitaja maambukizi, hali ya mama wajawazito na namna ambavyo ubongo uliumia kabla ya uzazi.

Tukiyaweka matokeo haya pamoja, kuna jambo linaloonekana kuanzia kwa mbwa wa Toronto. Kupungua kwa umetaboli ni ukweli wa kifizikia na haujawahi kukanushwa. Kila nyuzi inayoshuka huondoa sehemu ya mahitaji ya ubongo. Kilichobadilika kila mara ni kile kilichoizunguka baridi: dawa iliyozuia mtetemo, jicho lililoangalia potasiamu, mashine iliyopangwa upya, na umbali kati ya jeraha na barafu. Mahali matunzo hayo yalipokuwa dhaifu, baridi iliua. Mahali yalipokuwa imara, wagonjwa wasiopozwa nao walipona karibu sawa na waliopozwa. Kwa maoni yangu, urithi mkubwa wa tafiti za 2002 ni kwamba ziliwafanya madaktari wakae kando ya kitanda cha mtu waliyezoea kumkatia tamaa, wakimpima na kumrekebisha kwa siku tatu kabla ya kutamka lolote juu ya ubongo wake.

Kwa hospitali ya wilaya isiyo na mashine ya kupozea, urithi huo unapatikana bila barafu. Unaanza na mikono ya mtu wa kwanza aliyefika kifuani mwa aliyeanguka, maana hakuna nyuzijoto inayofidia dakika za ubongo kukosa damu. Unaendelea na kipimajoto kinachosomwa kila baada ya muda usiku kucha, homa inayoshughulikiwa mara tu inapoanza, sukari na potasiamu zinazopimwa, na muuguzi mwenye muda wa kutosha wa kuyafanya hayo kwa mgonjwa mmoja. Hilo la mwisho ndilo adimu kuliko yote, na ndilo ambalo bajeti za hospitali zingepaswa kulihesabu kwanza.